Kengele ya Mlango wa Sita

Kengele ya mlango usioandikwa hulia peke yake.

Jana, Sekela, ulimsikia mama yako akimwambia hivyo fundi mwenzake kule karakana, yule aliyekuwa anapiga meza akidai mtambo wa pampu ni kiziwi. Ukaja mbio kuniuliza mbona maneno hayo hayamo katika kitabu chenu cha methali. Hayamo, mjukuu wangu, kwa sababu methali yenyewe ni changa. Wewe umeizidi miaka miwili. Kaeni hapa, wewe na binamu zako, ila msinikanyagie kakao yangu. Chanzo chake nakijua kuliko mtu mwingine yeyote wa Ngubilo. Methali hii ilianza hivi.

Mnaujua mto wetu, Kasalu. Ubaya wake ni kwamba hautangulizi mawingu. Mvua hunyesha juu milimani, huku kwetu bondeni jua linawaka, mtu ameanika nguo zake na anaimba. Mara maji haya hapa, yamebeba magogo na migomba mizima na mikungu yake. Mwaka mmoja yalichukua ng'ombe tisa na nyumba mbili. Watu walipona kwa sababu tu walikuwa wamekwenda kanisani.

Babu yenu Mwakatobe alikuwa amestaafu kazi ya mitambo ya simu. Mwaka ule wa ng'ombe tisa hakukaa. Akasema, "Maji yanapita kwenye kona ya juu kabla ya kutufikia. Pale pakiwa na jicho na mdomo, sisi huku tutapata muda wa kukimbia." Akaanza kutengeneza kisanduku cha kufunga juu ya nguzo: jicho la kupimia maji, na king'ora cha kupigia kelele.

Lakini babu yenu mikono ilikuwa imeanza kutetemeka. Kuandika kwenye kompyuta aliweza, kwa kidole kimoja kimoja kama kuku anayedonoa. Kushika waya mwembamba kama unywele na kuuchomea kwa risasi ya kuyeyusha, hapana. Hiyo aliiweza mama yako, Tusekile. Alikuwa ameolewa na mwanangu Gwakisa mwaka wa nne huo, naye alikuwa amesomea umeme mdogo katika chuo cha ufundi. Basi kazi ikagawanyika: babu anaandika, mkamwana anafunga.

Hapo sasa ndipo palipokuwa na jambo.

Ninyi watoto wa siku hizi mnakaa meza moja na wakwe zenu watarajiwa mnacheka. Kwetu mkamwana hakumwangalia baba mkwe usoni. Hakutaja jina lake, alimwita taata tu, yaani baba. Wakikutana njiani, yeye aliingia migombani mpaka mzee apite. Si kwa chuki, ni heshima. Nyumba nyingi zilikuwa zimeanza kuiacha desturi hiyo, na babu yenu mwenyewe aliwahi kuniambia, "Mama Gwakisa, tumwache huyu binti, tunafanya kazi moja." Nikamjibu, "Nyumba yangu haitasemwa." Mimi ndiye niliyeishikilia. Liwekeni hilo moyoni, maana sitalirudia.

Kwa hiyo babu alifanyia kazi barazani, Tusekile alifanyia chumba cha nyuma, na mimi nilikuwa mdomo wa kupitia. "Mama, mwambie taata anipe ile bodi." Naenda. "Mwambie mkamwana bodi hii hapa, asiikamate kwa mikono yenye maji." Narudi. Kutwa nzima kama mchwa.

Kitendawili!

Haya, mmeitika. Nina mlinzi mwenye masikio thelathini na mawili, na mgeni humpigia hodi asisikie.

Si mahindi. Si popo. Si mwalimu mkuu, Sekela, acha utani. Nipeni mji. Tukuyu? Nimekubali Tukuyu. Nilikwenda Tukuyu, nikakaribishwa maziwa mgando na ndizi za kuchoma, nikakosa pa kuyaweka tumboni. Jibu ni kichwa cha mtambo wa babu yenu.

Nilikielewa hivi, mimi wa darasa la saba, kwa jinsi babu alivyonieleza tukimenya maharage. Kisanduku kile kiliishi kwa betri na jua. Kikikesha macho, betri itakufa. Kwa hiyo kililala. Ndani yake mlikuwa na saa ndogo, ndogo kama punje ya mchele, kazi yake kuhesabu. Ikitimiza dakika kumi inapiga kengele. Si kengele ya kusikika na mtu. Ni umeme kidogo unaopita kwenye waya kwenda kubisha mlango wa kichwa. Kichwa kinaamka, kinatazama maji. Maji yako chini? Kinalala tena. Maji yamepanda? Kinapiga king'ora.

Milango hiyo ilikuwa thelathini na miwili. Na kichwa, aliniambia, hakizaliwi kinajua nani anabisha wapi. Lazima kiandikiwe. Maandishi hayo babu aliyaita mti, kwa sababu yalikuwa na shina na matawi. Kila chombo kilipewa tawi lake, na katika tawi yaliandikwa mambo ya chombo hicho kama tunavyotambulisha mgeni: anaitwa nani, ni wa ukoo gani, anakaa nyumba ipi, na akija anabisha mlango upi.

"Na akibisha mlango mwingine?" nilimuuliza.

"Hakuna atakayeamka."

"Hata akibisha sana?"

"Mama Gwakisa, kichwa si mtu. Hakisemi, ngoja nikachungulie huko nyuma kuna nini. Kinasikiliza mlango kilioandikiwa, basi."

Nilicheka. Nikamwambia mtambo wake una adabu kama mkamwana wangu. Naye akacheka.

Siku ya kuukamilisha mtambo ilikuwa mwezi wa tatu, mvua za milimani zikiwa zimeanza. Nilikuwa jikoni nakoroga uji wa Sekela, wewe hapo ulikuwa mgongoni kwangu unanivuta masikio. Mama yako akaniita kutoka chumba cha nyuma. Uso ulikuwa na masizi na macho mekundu kwa moshi wa risasi.

"Mama, nimemaliza. Lakini mlango wa nne umeungua. Kengele ya saa nimeihamishia mlango wa sita. Mwambie taata abadilishe kwenye mti. Nne ifutwe, iwe sita."

"Sita," nikasema.

"Sita, mama. Asipobadilisha haitaamka."

Nikachukua kisanduku, nikaenda nacho barazani. Nikakuta mgeni. Mwenyekiti wa kijiji, Mwaipaja, alikuwa amekaa na babu yenu, miguu ameinyoosha, anasema kwa sauti ile yake ya mkutanoni, "Nasikia siku hizi, Mwakatobe, mitambo yako inafungwa na mwanamke. Tena mkweo! Je, anakupa na amri?"

Babu akatabasamu tu. Mimi damu ikanipanda. Nimesimama pale na maneno kinywani: mkamwana anasema ubadilishe, ufute, uandike tena. Mbele ya Mwaipaja! Kesho yake yangekuwa kisimani na kilabuni: kwa Mwakatobe mkamwana anamwambia mkwe futa hiki, andika kile. Nikaona aibu. Nikasema moyoni, akiondoka nitamwambia.

"Imekwisha," nikasema. "Kengele imefungwa."

Babu akapokea kisanduku kwa mikono miwili. "Hakusema neno lingine?"

"Hakusema."

Mwaipaja hakuondoka. Akasubiri chakula. Nikaenda kupika ndizi, nikamfukuza mbuzi kwenye mahindi, ukalia ukataka maziwa, nikakupa. Nilipotoka na sufuria, wanaume walikuwa wameshatoka na kisanduku, wanakwenda mtoni, na watu nyuma yao kama msafara wa harusi. Na ile sita, watoto wangu, ilikuwa imenitoka. Sikuisahau kwa kuipuuza. Niliiweka pembeni kwa muda mfupi, nikageuka nikafanya mengine, na niliporudi haikuwepo.

Walikifunga juu ya nguzo. Babu akakiwasha, na kwa kuwa kilikuwa kimewashwa muda ule ule, kilikuwa macho. Akainua kwa mkono kibuyu kinachoelea, kile cha kupimia maji, kana kwamba mto umepanda. King'ora kikalia, mbuzi wakakimbia, akina mama wakapiga vigelegele. Mwaipaja akahutubia. Kila mtu akarudi nyumbani ameridhika. Na kisanduku, baada ya watu kuondoka, kikalala kama kilivyoagizwa.

Siku ya tisa baada ya hapo, ng'ombe wa Gwakisa alizaa ng'ambo ya mto, kwenye nyasi za chini. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali. Gwakisa akakunja suruali.

Tusekile akamwambia, "Juu kule kumekuwa na giza tangu asubuhi."

"Giza la kule ni la kule."

"Nenda kesho."

"Ndama hajui kesho," akasema Gwakisa. Halafu akamtania, kama alivyozoea: "Mke wangu ameniwekea mdomo mkubwa kuliko wake pale juu ya nguzo, bado ananitisha kwa huu mdogo? Nikisikia king'ora nitakimbia mpaka kiatu kibaki."

Akakubeba, Sekela, akakurusha juu mara moja, akakurudisha kwangu. Akaenda.

Hakuna kilicholia. Sisi tuliujua mto kwa miungurumo yake tu, nao ukinguruma umeshafika. Tulimwona yuko katikati, ndama shingoni. Alisimama. Aligeuza uso kuelekea kona ya juu, kule kwenye nguzo, kama mtu anayesubiri kuitwa. Nadhani hicho ndicho kilichomchelewesha. Kama asingekuwa na king'ora cha kukitegemea angetupa ndama na kukimbia. Maji yakapita.

Tulimpata kwenye matete siku ya pili. Mengine ya siku hiyo nitabaki nayo mwenyewe.

Msiba ulijaa nyumba. Kwa siku za kwanza watu walilia. Siku ya nne wakaanza kuuliza. King'ora kilikuwaje? Nani alikifunga? Shangazi yake Gwakisa, dada wa babu yenu, alikuwa mwanamke wa maneno makali, naye alikuwa amempenda sana marehemu. Alisema palepale kwenye mkeka, mama yako akisikia: "Alimfungia mwanangu mtambo wa kumwua." Siku ya tano wazee walikaa uani. Neno likawa kwamba Tusekile arudishwe kwao, na mtoto abaki, kwa maana mtoto ni wa ukoo.

Na mimi? Nilikuwa nimekaa na akina mama. Ile sita ilikuwa imenirudia usiku ule ule tulioleta mwili. Ilirudi nzima, na sauti yake na masizi usoni mwake. Siku tano nilikula nayo, nikalala nayo. Kila nilipofungua mdomo niseme, nililia, na watu wakasema, mwacheni mama, ana uchungu.

Asubuhi ya siku hiyo babu yenu alikuwa amekwenda mwenyewe kwenye nguzo akakileta kisanduku. Akakiweka mezani mbele ya wazee, akafungua kifuniko. Kwenye waya wa saa mama yako alikuwa ameweka taa nyekundu ndogo. Babu akasema, "Tunyamaze kidogo."

Watu wakanyamaza. Kuku wakaparua. Ikapita dakika, na nyingine. Mwaipaja akakohoa. Ndipo ile taa ikawaka, mara moja, ikazimika.

"Saa inapiga kengele," akasema babu. "Imepiga tangu tulipoifunga. Mara mia moja arobaini na nne kila siku. Hata siku ile ilipiga. Saa haina kosa."

"Basi nani hakusikia?" akauliza Mwaipaja.

Babu akainama. Akaufuata ule waya kwa ncha ya msumari, polepole, kwa mkono wake unaotetemeka. "Umeingia mlango wa sita," akasema. "Kwenye mti nimeandika wa nne. Kichwa kilikuwa kinasikiliza mlango wa nne." Akavuta pumzi. "Waya umehamishwa. Sikuambiwa."

"Mmesikia!" akadakia shangazi. "Alihamisha kimyakimya! Afungashe leo."

Hapo mlango wa chumba cha nyuma ukafunguliwa. Mama yako akatoka. Kanga ilikuwa mabegani, si usoni. Akapita katikati ya wanaume, akaja kusimama mbele ya baba mkwe wake. Nyumba nzima ikashtuka kuliko ilivyoshtuka kwa jeneza.

"Binti, rudi ndani!" akafoka Mwaipaja. "Hapo mbele yako ni nani?"

Hakumjibu. Akasema, "Taata, nilisema."

Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kumfikia babu yenu bila kupitia kwangu. Babu alitazama chini, kama desturi inavyotaka.

"Ulisema nini?"

"Mlango wa nne uliungua. Nilisema nne ifutwe, iwe sita."

"Ulimwambia nani?"

Mama yako akajikaza kanga mabegani.

"Mwanangu, ulimwambia nani?"

Sekela, nitazame. Alijua. Nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka kwake. Angeninyooshea kidole tu, na hakuna aliyekuwa na haki kama yeye. Mume amezikwa, mtoto ananyang'anywa, jina limechafuliwa. Alitazama kile kisanduku, machozi yanamshuka, na hakunitaja. Aliona ni afadhali aende kwao akiwa mkosaji kuliko kumwaibisha mama mkwe mbele za watu. Ile heshima niliyoipigania miaka minne, siku hiyo aliishika yeye peke yake.

Nikasimama.

"Aliniambia mimi," nikasema.

Shangazi akanivuta kanga. "Wifi, kaa, uchungu unakupotosha."

"Niache. Aliniambia sita. Aliniambia asipobadilisha haitaamka. Nilikuja barazani, nikamkuta huyu Mwaipaja anamcheka mume wangu kwamba anapewa amri na mkwe. Nikaona aibu kuitoa. Baba Gwakisa, uliniuliza kama kuna neno lingine. Nikasema hakuna."

Mwaipaja akainamisha kichwa. Shangazi akaziba mdomo kwa kiganja.

Nilingoja babu yenu anipigie kelele. Angenipigia kelele ningepata mahali pa kusimama. Hakuinua sauti. Alikuwa anaitazama ile taa. Ilikuwa imewaka tena, ikazimika. Akasema taratibu, kama mtu anayejisomea barua:

"Kengele ya mlango usioandikwa hulia peke yake."

Halafu akakunja uso, akalia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo.

Hakuna aliyezungumza tena habari ya kumrudisha Tusekile kwao. Jioni ile ile, babu alimwita kwa jina lake. Akasogeza kiti karibu na chake, akafungua kompyuta. "Mwanangu, wewe soma waya, mimi niandike." Mama yako akasoma, na babu akadonoa kwa kidole chake, tawi kwa tawi, wote wawili macho yamevimba. Hawakuhitaji mtu wa katikati. Nilikuwa nimekaa jikoni nawasikia, sauti mbili zinajibizana: "Sita." "Sita, taata." "Nimeandika sita." Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna mkamwana aliyejificha migombani, wala hakuna neno la kazi linalobebwa kinywani mwa mtu wa tatu.

Mwaka uliofuata Kasalu ulikuja saa tano asubuhi, jua likiwaka. King'ora kililia. Wakapanda wote, wazee, watoto, mpaka yule shangazi mwenye miguu mibovu alibebwa. Maji yalichukua kuku tu. Watu walikuwa wanakumbatiana kule kilimani wakimsifu Mwakatobe na mkwewe. Mimi nilikuwa nawahesabu kwa macho, mmoja mmoja, nikafika mwisho, nikaanza tena.

Maneno ya babu yakaanza kutembea. Mafundi waliyachukua kwanza, wakiambiana pale mtambo unapolaumiwa bure. Kisha akina mama kisimani, mtu akigomba kwamba hakusikilizwa na huku hakumweleza mwenzake alichotakiwa kusikia. Kisha wazee barazani, ujumbe ukikatwa njiani. Sasa yamefika hata kwa watu wasioujua mto wetu.

Ulijua baba yako alichukuliwa na maji, Sekela. Lingine hukuambiwa, kwa sababu mama yako, katika miaka yote hii, kila anapoisema methali hiyo huishia hapo hapo. Hasemi neno lilikatikia kwa nani. Kwa hiyo leo nimesema mimi.

Ukimkuta mtu analia na hakuna anayegeuka, usikimbilie kuwaita viziwi. Waulize kwanza waliambiwa nini. Kengele ya mlango usioandikwa hulia peke yake.